Kelele za intaneti kwenye simu ya mezani ya kizamani

Kelele za intaneti kwenye simu ya mezani ni mvumo, mchirizo au mkwaruzo unaosikika katika mkonga wa simu pale waya mmoja wa shaba unapobeba mazungumzo na intaneti ya ADSL au VDSL kwa pamoja. Kero hii huwapata zaidi wenye simu za kuzungusha namba na za umbo la kale, ziwe za zamani kweli au za leo zilizovishwa umbo la zamani. Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba kelele hiyo husafiri kwenye laini ikiwa sauti. Mara nyingi sivyo. Kinachosafiri ni mawimbi yasiyosikika, na simu yenyewe ndiyo inayoyageuza kuwa kelele. Ndiyo maana dawa yake ni kuyazuia mawimbi hayo kabla hayajaifikia simu.

Waya mmoja, kazi mbili

Laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti ya mtu kati ya hezi 300 na 3,400. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya uwezo wa waya wa shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider wa maabara za Bellcore nchini Marekani alionyesha faida ya kuutumia waya huo kwa mgawanyo usio sawa: data nyingi kuelekea nyumbani, kidogo kurudi kituoni. Mhandisi John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford akaendeleza mbinu ya kugawa masafa ya juu katika vijia vingi vyembamba, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. Kiwango cha kimataifa cha ADSL, G.992.1, kilipitishwa mwaka 1999.

Katika mpango huo, data inayotoka nyumbani hutumia masafa ya kilohezi 26 hadi 138 hivi, na inayoingia hufika kilohezi 1,104. ADSL2+, iliyofuata mwaka 2003, ilipandisha kikomo hadi kilohezi 2,208, na VDSL2 hupanda hadi megahezi 17 au hata 30. Kati ya sauti na data huachwa pengo ili zisigusane. Sikio la binadamu halisikii zaidi ya kilohezi 20, kwa hiyo kinadharia mzungumzaji asingesikia chochote cha intaneti.

Kelele inavyozaliwa

Sababu ya kusikika ni tabia ya baadhi ya vipuri kupitisha umeme kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Daiodi na transista ndizo zinazojulikana zaidi kwa tabia hiyo. Wimbi la masafa ya juu likipita humo hukatwa upande mmoja, na kinachobaki ni kupanda na kushuka kwa nguvu yake, na huko kupanda na kushuka kunaangukia katika masafa ya kusikika. Redio za kwanza za fuwele zilifanya kazi kwa njia hiyohiyo: fuwele ndogo na ncha ya waya vilitosha kutoa sauti kutoka hewani bila betri. Simu isiyo na kichujio, yaani kifaa cha kuyazuia mawimbi hayo, hugeuka redio ya namna hiyo bila mwenyewe kutaka, ila kituo inachokipokea ni modemu. Kwa kuwa data za ADSL zimetawanyika katika mamia ya vijia, kinachotoka ni mvumo wa "shhh" usio na neno wala wimbo.

Kipuri si lazima kiwe cha kiwandani. Kiungo cha waya kilichoota kutu ndani ya soketi nacho kinaweza kufanya kazi ya daiodi. Ndiyo sababu nyumba yenye nyaya za miaka mingi huvuma hata ikiwa simu yenyewe ni nzima.

Simu ya kale na simu ya umbo la kale

Simu za kale halisi zinazoonekana sana mikononi mwa wakusanyaji ni zile za Posta ya Uingereza, hasa modeli 332 ya bakelaiti nyeusi (1937), modeli 706 (1959) na 746 (1967), pamoja na Western Electric 500 ya Marekani, iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss na kutolewa mwaka 1949. Ndani yake mna maikrofoni yenye chembe za kaboni, koili, kapasita, kengele mbili za shaba na kisahani cha namba. Vitu hivyo kwa sehemu kubwa havigeuzi mawimbi ya juu kuwa sauti, ingawa baadhi ya modeli zina vipuri vya kunyoosha mkondo vilivyowekwa ili kulinda sikio dhidi ya mlio mkali wa ghafla.

Simu ya umbo la kale ni jambo jingine. Kwa nje ina mkonga mzito, waya uliofumwa kwa uzi na kisahani, ambacho mara nyingi si kisahani bali ni vitufe vilivyopangwa kwa duara. Kwa ndani ina kibao cha kielektroniki: daiodi nne za kupokea umeme wa laini bila kujali upande upi ni chanya, chipu ya kukuza sauti, pengine na spika ya mlio badala ya kengele. Umbo ni la babu, matumbo ni ya mjukuu. Matokeo yake, simu hii ya kuiga mara nyingi huvuma zaidi kuliko ile ya kale halisi inapochomekwa kwenye soketi hiyohiyo.

Simu ya kale halisi, hata ikiwa kimya, huweza kuidhuru intaneti. Mtu akizungusha 9, kisahani kinaporudi hukata mkondo wa laini mara 9, takriban mara 10 kwa sekunde. Pasipo kichujio, mikato hiyo huifikia modemu kama mapigo makali: taa yake ya laini huanza kupepesa na muunganisho unaweza kukatika namba haijaisha kupigwa.

Kuitambua kelele kwa mlio wake

Mvumo wa "shhh" usiobadilika, unaoanza modemu inapowashwa, ni dalili kuu ya ADSL au VDSL. Modemu ikiwa ndiyo kwanza inajiunga, huweza kusikika milio ya kupanda na kushuka kwa sekunde chache kabla ya mvumo kutulia.

Ngurumo nzito isiyokatika hutoka kwa umeme wa nyumba, ambao Ulaya na Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Mikwaruzo ya hapa na pale, hasa mvua ikinyesha, huashiria kiungo kibovu au maji kwenye waya wa nje. Kaboni iliyoshikamana ndani ya maikrofoni ya zamani nayo hukwaruza, na aghalabu hupungua mkonga ukigongwa taratibu kiganjani. Ikiwa kinachosikika ni maneno au muziki, chanzo ni mtambo wa redio ulio jirani. Masafa ya kati ya redio yako humohumo inamopita ADSL, hivyo kichujio cha simu huweza kusaidia hapo pia.

Kutafuta chanzo

Fundi mzoefu hutafuta kwa kupunguza: huondoa kitu kimoja kimoja na kusikiliza, wala hanunui kifaa kabla ya kujua tatizo liko upande gani.

1. Zima modemu na uichomoe kwenye laini. Mvumo ukitoweka, umeshajua ni intaneti. Ukibaki, tafuta kwenye waya, kwenye simu au kwa kampuni ya simu.

2. Chomoa kila kitu kingine kinachotumia laini: simu za ziada, mashine ya faksi, king'amuzi cha televisheni, kengele ya wezi. Kifaa kimoja kilichosahaulika bila kichujio kinatosha kuharibu nyumba nzima.

3. Peleka simu kwenye soketi ya kwanza inapoingilia laini. Soketi kuu ya Uingereza iliyoenea zaidi ina kifuniko cha chini kinachoshikwa na skrubu mbili. Kikivutwa, nyaya zote za ndani ya nyumba hukatika na kubaki soketi ya majaribio iliyounganishwa na laini ya nje peke yake. Marekani, kisanduku kilichofungwa ukutani nje ya nyumba kina tundu la kazi hiyohiyo.

4. Chomeka hapo kichujio kipya, modemu upande wake na simu upande wake, kisha usikilize. Kukiwa kimya, kosa liko katika nyaya za ndani. Mvumo ukiendelea, jaribu simu nyingine ya kawaida: ikiwa kimya, ile ya kwanza ndiyo yenye tatizo, ikivuma nayo, badilisha kichujio.

Ili kusikiliza laini vizuri, mlio wa kupigia lazima uondoke. Uingereza kuna namba ya mafundi, 17070, ambayo chaguo lake la 2 hunyamazisha laini kwa ajili ya kipimo. Simu ya kuzungusha huifikia namba hiyo lakini hukwama kwenye orodha ya chaguo, kwa sababu orodha husubiri milio ya vitufe. Njia rahisi ni kuzungusha namba moja tu: mlio hukatika na ukimya unaofuata hutosha kusikia kama kuna mvumo.

Vichujio

Kichujio ni kijisanduku chenye koili na kapasita zilizopangwa ili masafa ya sauti yapite na yale ya juu yazuiwe. Kila kifaa cha sauti huhitaji chake. Modemu hainufaiki nacho, bali huchomekwa kwenye tundu lake lisilochujwa. Kukosea matundu hayo mawili ni jambo la kawaida, na dalili yake ni simu inayovuma huku intaneti ikikataa kujiunga.

Simu ya kale iliyounganishwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha ukutani, bila plagi, haina pa kuchomekea kichujio. Kuna njia mbili: kuibadilishia waya uwe na plagi, au kuweka kichujio kimoja kikuu laini inapoingia nyumbani, kikatenganisha sauti na data kwa nyumba nzima. Njia ya pili huacha simu zote na mapambo yake kama zilivyo. Simu za kutundika ukutani za Marekani zina kichujio chake bapa kinachokaa kati ya simu na bamba la ukutani.

Simu ya kuiga ambayo bado inavuma baada ya kichujio kimoja huweza kutulia ikiongezewa cha pili mfululizo, ingawa sauti inaweza kupungua kidogo. Kichujio cha zamani kilichotengenezwa kwa ADSL huenda kisimudu VDSL. Hapo hutakiwa cha VDSL.

Waya wa kengele: kisa cha Uingereza

Mfumo wa soketi ulioanzishwa Uingereza mwaka 1981 una upekee wake. Sauti hupita kwenye vituo namba 2 na 5, lakini soketi kuu ina kapasita ya mikrofaradi 1.8 inayopeleka mkondo wa kengele kwenye waya wa tatu, kituo namba 3. Nyaya mbili za sauti zimesokotwa pamoja, hivyo kelele inayodaka mmoja hudakwa na mwenzake na kufutana. Waya wa tatu hauna mwenza. Huvuruga mizani hiyo na kufanya kazi ya antena ndani ya nyumba, na intaneti ikapungua kasi.

Mafundi wengi huukata waya huo kwenye soketi za ndani. Mwenye simu ya kale iliyobadilishwa ili itumie plagi ya kisasa hujikuta hana mvumo, wala kengele hailii tena, kwa kuwa kengele ilitegemea waya ule. Suluhisho ni kichujio chenye kapasita yake ya kengele ndani, au kuirudisha simu kwenye kapasita yake ya asili, ambayo modeli 746 ilitoka nayo kiwandani.

Usalama

Laini iliyotulia hubeba takriban volti 50 za mkondo mnyoofu, ambazo kwa kawaida hazimdhuru mtu mwenye mikono mikavu. Simu inapoita, huongezeka mkondo geu wa volti 75 au zaidi, na huo hurusha mkono wa fundi aliyesahau kuchomoa. Sehemu ya soketi iliyo upande wa laini ni mali ya kampuni ya simu na haiguswi na mwenye nyumba.

Afrika Mashariki na hatima ya kero hii

Hadi mwaka 1977, simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye kampuni ya simu ya Tanzania, TTCL, ilitoa ADSL juu ya nyaya za shaba, na kero ya mvumo ikajulikana katika ofisi na nyumba zenye laini hizo. Haikuenea sana, kwani simu za mkononi zilitangulia, wizi wa nyaya za shaba ukapunguza laini, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, zote za mwaka 2009, zikafungua njia ya mkongo wa nuru.

Uingereza imepanga kuzima mtandao wa simu wa zamani ifikapo Januari 2027. Hapo simu huchomekwa kwenye ruta, waya wake haubebi tena data, na mvumo hukosa mahali pa kuzaliwa. Lakini ruta nyingi hazielewi mapigo ya kisahani. Simu ya kuzungusha hulia, hupokea na husikika safi kuliko wakati wowote, ila haiwezi kupiga mpaka iwekewe kigeuzi kidogo cha kubadili mapigo kuwa milio.