Liemba: meli iliyozama mara mbili, ikatengenezwa, ikarudisha wakimbizi Uvira

Kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira hadi Baraka, Kalemie na Moba, wenye boti za zamani wanajiuliza swali moja: itengenezwe, au iachwe ioze kwenye mchanga? Boti mpya ni bei kubwa, na motere mpya inaweza kupita bei ya boti yenyewe. Kwa familia iliyokimbia vita na kukuta nyumba tupu wakati wa kurudi, swali hilo linagusa chakula cha watoto. Bila boti hakuna uvuvi, na bila uvuvi hakuna soko.

Ziwa hili limekwisha kujibu swali hilo zaidi ya mara moja. Majibu mawili makubwa yalitoka wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na moja linahusu meli ambayo wakaaji wengi wa Kivu ya Kusini walipanda wenyewe.

Jibu la kwanza lilitoka Kalemie, mahali palipoitwa Lukuga wakati ule. Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliotawala maji ya ziwa. Waingereza walileta boti mbili ndogo za mbao, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa karibu mita 12. Zilitoka Afrika ya Kusini kwa gari la moshi hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo zilivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikapanda tena gari la moshi hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, ndipo zikafika ziwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Ilikuwa imetobolewa na risasi za kanoni na maji yalikuwa yanaingia. Waliiwahisha hadi ufukoni kabla haijazama. Mafundi waliziba tundu, wakaweka mbele kanoni kubwa kuliko ile ya kwanza, na meli ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, siku 45 tu baadaye, Fifi ilikuwa kati ya zile zilizozamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Chombo kilichokuwa kinazama kwa tundu kilirudi kazini kwa sababu kilitolewa majini mapema na tundu likazibwa vizuri.

Jibu la pili ni refu zaidi. Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza meli ya chuma yenye urefu wa karibu mita 70, Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5.000. Masanduku hayo yalisafiri baharini hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walifuata vipande hivyo ili kuviunganisha tena. Februari 1915 meli iliingia majini kwa mara ya kwanza.

Haikukaa muda mrefu. Katikati ya mwaka 1916 ndege za Wabeleji zilizoruka kutoka ng'ambo ya Congo zilipiga Kigoma, na majeshi ya Wabeleji yalikuwa yanakaribia reli. Wajerumani waliamua kuondoka, na hawakutaka meli ibaki mikononi mwa adui. Amri ilikuwa kuizamisha.

Hapo mafundi walifanya kazi ambayo matunda yake yanaonekana hadi leo. Kabla ya kuizamisha walipaka mashine grisi nzito ili maji yasiguse chuma. Waliijaza mchanga ili ishuke na kutulia. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1.470 mahali penye kina kirefu kabisa, lakini tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha mahali pa maji ya karibu mita 20 tu, upande wa kusini wa Kigoma, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waliificha kama mtu anayefukia vyombo vyake shambani kabla ya kukimbia, akitumaini kurudi.

Wao hawakurudi. Baada ya vita Wabeleji waliiinua na kuipeleka Kigoma, lakini dhoruba ikaizamisha tena. Nchi ile ilipokuwa mikononi mwa Waingereza, wao nao waliamua kujaribu. Tarehe 16 Machi 1924 meli ilitoka chini ya maji. Walipofungua sehemu ya mashine walikuta kwamba mashine na boila bado zinafaa. Grisi ilikuwa imelinda chuma kwa karibu miaka minane. Na maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, ambayo ingekula chuma haraka zaidi.

Hata hivyo hawakufanya haraka. Toka siku ya kuinuliwa hadi siku ya kurudishwa kazini, tarehe 16 Mei 1927, ilipita miaka mitatu na miezi miwili. Meli ilipewa jina Liemba, jina la zamani ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa upande wa kusini wa ziwa. Miaka ya 1970 mashine za mvuke zilitolewa na mahali pake zikawekwa motere za mazutu. Mwaka 1993 ikafanyiwa tena ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark. Mwili ni ule ule wa 1913. Kilichobadilishwa ni kile kilichochoka.

Miaka minne baada ya ukarabati huo, watu wa Congo waliona faida yake. Wakati wa vita ya 1996 na 1997 familia nyingi zilikimbilia ng'ambo, Tanzania. Mobutu alipoangushwa, HCR ilipanga safari za kuwarudisha. Liemba na meli nyingine, Mwongozo, zilirudisha watu zaidi ya 75.000. Katika miezi mitano Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Watoto waliokuwa mgongoni mwa mama zao siku zile ni watu wazima leo, na wengine wao wamekimbia tena.

Mwaka 2015 kazi ilirudi. Makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambacho wakati ule hakikuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba ilisimama majini, boti ndogo zikawaleta watu hadi ubavuni mwake, nayo ikawapeleka Kigoma. Kama mwaka 1924 mtu angesema kwamba chuma kilichozama mara mbili hakina faida tena, safari hizo zingehitaji chombo kingine.

Kwa fundi wa leo mwenye pesa kidogo, historia hii inaonyesha wapi pa kuanzia. Waingereza walitazama ndani kwanza, ndipo wakaamua. Mnunuzi wa boti iliyotumika afanye vile vile: mwili kwanza, motere baadaye. Mbao ichomwe kwa ncha ya kisu. Ikiingia kama kwenye muhogo uliooza, ubao huo ubadilishwe. Chuma kigongwe kwa nyundo. Mahali penye sauti ya kufa au panapobonyea, bati limekwisha. Kama mwili wote umeoza, hata motere nzuri haitauokoa. Ni afadhali kununua motere peke yake na kuifunga kwenye mtumbwi mzima.

Motere iliyozama nayo ina utaratibu wake. Wengi wanaitoa majini, wanaiacha juani ikauke, halafu wanamtafuta fundi kesho yake. Hapo ndipo kutu inapoingia, kwa sababu maji na hewa pamoja hula chuma kuliko maji peke yake. Kama fundi hayupo bado, iachwe ndani ya maji safi hadi atakapofika. Akifika, atoe buji, alaze motere matundu yakitazama chini, avute kamba polepole ili maji yatoke. Ikikwama asilazimishe, kwani kuna kitu kimepinda ndani. Kama mchanga umeingia, isizungushwe hata kidogo mpaka ifunguliwe na kuoshwa. Kabureta imwagwe, esansi ibadilishwe, oili itiwe kwenye silinda, na motere iwashwe siku ile ile. Gharama yake ni oili kidogo, buji na mikono ya fundi.

Na anayelazimika kuacha boti yake kwa sababu ya vita, kama ana hata saa moja, anaweza kufanya kama wale mafundi watatu: kumwaga esansi, kutia oili kupitia tundu la buji, kupaka grisi kila mahali penye chuma wazi, na kufunga vizuri. Hakuna hakika kwamba atakayeikuta ni yeye. Wajerumani waliilinda meli, wakapanda wengine. Lakini motere iliyopakwa grisi inamngoja mwenyewe, na isiyopakwa inamngojea muuza vyuma.

Linabaki jambo moja ambalo halina bei rahisi. Fifi na Liemba zilizibwa kwa nguvu, si kwa kitambaa na sabuni. Boti iliyotoka kwa fundi ijaribiwe kwanza karibu na ufuko, bila abiria, siku kadhaa, na kila jioni mwenyewe atazame maji yaliyoingia chini. Yakizidi, irudi kwa fundi. Liemba ilingojewa miaka mitatu kabla ya kukabidhiwa watu. Boti ya kijiji inaweza kungojewa wiki moja.