Diski Pacha Hazitoshi: Historia Fupi ya Kulinda Kumbukumbu za Kompyuta

Hivi karibuni mwenye duka la pembejeo aliniambia kwamba hana tena wasiwasi na madeni ya wateja wake, kwa kuwa kompyuta yake ina diski mbili zinazoandika kwa pamoja. Nilimpongeza, kisha nikamsimulia historia hii.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya kwanza yenye diski. Mtambo huo wa diski ulikuwa na sahani 50, ulizidi uzito wa tani moja, na ulihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu inaweza kuujaza. Na kama mashine yoyote inayozunguka, diski huchakaa na kufa.

Benki hazikuweza kuvumilia hilo. Mwaka 1974 ilianzishwa kampuni ya Tandem huko California, na kuanzia 1976 iliuza kompyuta zilizotengenezwa zisisimame kazi. Ziliweza kuandika kila taarifa kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, pacha wake anaendelea na mteja hajui lolote.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza kuunganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu badala ya moja kubwa ya bei ghali. Lakini walipiga hesabu: diski moja ikikadiriwa kudumu saa 30,000, ukiunganisha 100, kila baada ya saa 300 hivi moja itakufa. Hizo ni siku zisizofika 13. Kwa hiyo walipanga ngazi tano za kinga, na ngazi ya kwanza ni hiyo ya diski pacha. Utaratibu huo unaitwa RAID.

Sasa sikilizeni mkasa wa Journalspace, tovuti ambako watu waliandika habari zao kwa miaka kadhaa. Ilitegemea diski pacha peke yake. Mwishoni mwa 2008 taarifa zilifutwa kwenye diski zote mbili. Hapakuwa na nakala nyingine, na tovuti ikafungwa.

Kwa nini pacha hakusaidia? Fikirieni kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni. Ukikosea juu, kosa linatokea na chini. Diski pacha ni hivyo hivyo: ukifuta deni kwa bahati mbaya, linafutika kote papo hapo. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote mbili.

Basi fanyeni hivi:

1. Kila wiki nakilini kumbukumbu kwenye flashi, kisha ichomoeni.
2. Tumieni flashi mbili kwa zamu. Kosa likigundulika wiki hii, nakala ya wiki iliyopita ipo.
3. Moja ikae nyumba nyingine, mbali na duka.
4. Kila mwezi ifungueni kwenye kompyuta nyingine muone kama inasomeka.

Diski pacha inawakinga na kifo cha diski. Mkono wako unaokosea, moto na mwizi vinataka nakala iliyokaa mbali. Yule mwenye duka alinunua flashi mbili siku ile ile. Wewe je?