Usingizi wa tiba shufaa

Usingizi wa tiba shufaa ni kumpunguzia fahamu kwa dawa mgonjwa aliye karibu na kufa, pale maumivu, kukosa pumzi au kuweweseka kunaposhindikana kutulizwa kwa njia nyingine. Dawa huongezwa kidogo kidogo mpaka mgonjwa atulie, na ikifika hapo haiongezwi. Hilo ndilo linaloutofautisha usingizi huu na kuua kwa huruma.

Mkoani Simiyu, Tanzania, wenye wakazi zaidi ya milioni 2, neno zito ni "kunaposhindikana". Mkoa huu uliundwa mwaka 2012, na hospitali yake ya rufaa iko Nyaumata, Bariadi. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi hupanda gari kupitia Lamadi hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au husafiri hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Basi daktari akisema maumivu yameshindikana, aulizwe kwanza kama mofini ya maji, ambayo ni poda ya bei nafuu iliyokorogwa, ilijaribiwa. Kumlaza mtu kwa sababu kabati ni tupu ni kuficha upungufu nyuma ya usingizi wake. Uganda ilianza na swali hilo: tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini.

Sheria ya Tanzania haiutaji usingizi huu kwa jina. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa ungemuua. Kwa hiyo kinga ya daktari ni faili: kila kipimo kiandikwe pamoja na dalili iliyokidai.

Ridhaa nayo ina mtego wa lugha. Kwa watu wengi "dawa ya usingizi" ni ya chumba cha upasuaji, na aliyechomwa huzinduka. Ndugu wakiambiwa hivyo tu, watakaa kando ya kitanda wakingoja mgonjwa azinduke. Wanachokihofia zaidi ni mgonjwa kukata kauli kabla ya kutoa wosia: nani atunze ng'ombe, nani anadaiwa, azikwe wapi. Papa Pius wa Kumi na Mbili, akiwajibu madaktari wa usingizi Februari 1957, aliruhusu dawa hizo hata zikifupisha maisha, ila kwa sharti kwamba zisimzuie mgonjwa kutimiza wajibu wake wa dini na wa maadili. Mzee yeyote wa Kisukuma mkoani Simiyu angelielewa sharti hilo bila mkalimani.

Kulitimiza sharti hilo hutegemea pia aina ya dawa ya kulaza. Midazolamu huisha nguvu mapema, hivyo inaweza kupunguzwa mgonjwa azinduke, aongee na wanawe, kisha alazwe tena. Diazepamu, ambayo ndiyo rahisi kuipata wilayani, hukaa mwilini kwa siku kadhaa.