Karanga za Nachingwea katika Kinywa cha Mwingereza

Wapo wasomi wanaodhani kwamba historia ya lugha imo katika sarufi na kamusi tu. Makala haya yanashikilia kwamba imo pia katika misimu na semi za mzaha, yale maneno ambayo mtu huyatamka bila kufikiri. Mfano wetu ni usemi wa Kiingereza "groundnut scheme". Usemi huu asili yake ni Tanganyika, na sehemu yake kubwa inatuhusu sisi wa kusini, katika nchi ya Wamwera iliyo ng'ambo hii ya Mto Mbwemkuru, yaani Nachingwea na Ruangwa.

Mwingereza akiutumia usemi huu, hazungumzii karanga hata kidogo. Anamaanisha mradi mkubwa wa serikali uliokula fedha ukaishia patupu. Kwa miaka mingi, mwanasiasa wa London aliyetaka kumkejeli mwenzake alilitupa neno hilo tu, wasikilizaji wakaelewa.

Sasa basi, kicheko hicho kilianzia wapi? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikuja huku, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari 3,210,000 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Zaidi ya nusu ya ekari hizo zilipangiwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ikafanywa kitovu chake.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na papo hapo misimu ikaanza kuzaliwa. Matrekta yalikuwa haba, kwa hiyo vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Majina mawili yakaunganishwa, likapatikana "Shervick". Wazungu walioajiriwa wakaitwa "groundnutters". Humo mna utani, maana katika Kiingereza cha mtaani kuwa "nuts" ni kuwa na wazimu.

Wazimu wenyewe haukuchelewa kuonekana. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, mvua zikapungua, mashine zikafa moja baada ya nyingine. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36. Kusini tukabaki na bandari ya Mtwara, na reli ya Nachingwea iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuuliza: usemi huu unamkumbuka nani? Unazikumbuka pauni za mlipa kodi wa Uingereza. Haumkumbuki mwenyeji ambaye pori lake lilifyekwa, wala kibarua aliyeng'oa visiki juani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akashindwa, akaondoka na hadithi, na katika hadithi hiyo mwenyeji hana hata sentensi moja.

Wala si mara ya kwanza kwa karanga kufanyiwa hivyo. Huko kusini mwa Marekani karanga huitwa "goober". Wataalamu wa lugha hulirudisha neno hilo kwenye "nguba" la Kikongo na lugha za Kibantu zilizo jirani nayo. Lilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo. Leo "goober" ni pia mtu mjingamjinga wa kuchekwa. Neno limebaki, mnyororo umesahaulika.

Kuna atakayesema, "Ah, huo ni utani tu, mbona unaukuza?" Simkubalii. Utani una mwenyewe. Anayecheka ni yule aliyepoteza fedha akazipata tena. Aliyepoteza ardhi hachekeshwi na neno lile lile. Tukiupokea usemi huu madarasani kama msamiati mtupu, tunapokea pamoja nao mahali pa kukaa, napo ni nyuma ya mwenye pauni.

Tuutazame mfano wa kwetu. Kiswahili nacho kimeazima "scheme", kikalitohoa likawa "skimu". Mkulima anapotaja skimu ya umwagiliaji hacheki. Kwake skimu ni mfereji, ni mpunga, ni zamu ya maji na ugomvi na jirani aliyefungulia kabla ya zamu yake. Ni neno lile lile lililowachekesha wakubwa wa London, lakini kejeli yake haikuvuka nalo. Kumbe anayeazima neno hulipa maisha yake mwenyewe, na Mwingereza naye alilipa jina la Nachingwea maisha yake, si yetu.

Basi kazi ya mwanafunzi wa fasihi haiishii kwenye kutafuta asili ya neno. Imebaki nusu ya pili ya usemi huu, ile ambayo haijatiwa katika kamusi yoyote ya Kiingereza: majina ambayo wazee wa Nachingwea na Ruangwa waliwapa hao wageni, mashine zao na mashamba yao. Majina hayo yapo katika Kimwera na Kiswahili cha huko, katika masimulizi ya familia. Tuyafuate vijijini na kalamu mkononi, maana kumbukumbu ya mzee haina nakala.