Nani Hukisawazisha Kinoo? Historia ya Wembe na Jiwe Lake



Vijana wetu wengi wanazijua nyembe za kutupa tu. Lakini kwa karne nyingi kinyozi alikuwa na wembe wake mmoja, akiunoa mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ilitegemea kinoo, yaani jiwe la kunolea. Leo tuitazame historia ya jiwe hilo, hasa swali ambalo wachache hujiuliza: jiwe linalonoa likiharibika, hutengenezwa na nini?

Wembe mbele ya muhtasib

Katika karne ya 12, mwanachuoni ash-Shayzari wa Sham aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, msimamizi wa soko. Humo mna habari za mizani, vipimo, waoka mikate na mafundi wa kila aina. Kinyozi wa hamamu naye hakusahauliwa. Alitakiwa awe na mkono mwepesi, aijue kazi ya kunyoa, na wembe wake uwe mkali. Siku ya zamu yake asile kitunguu wala kitunguu saumu, asije akawaudhi watu kwa harufu ya kinywa.

Tazameni hapo: ukali wa wembe ulikuwa haki ya mteja, kama ilivyo haki yake kupimiwa kwa mizani ya kweli. Wembe butu huvuta nywele badala ya kuzikata, na kinyozi akikandamiza, ngozi huchanika.

Mawe ya kale

Mawe ya kunolea ni ya kale kuliko kitabu hicho. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliyagawa kwa namna yanavyotumika: yako ya mafuta, yako ya maji, na yako yaliyolowanishwa kwa mate. Haya ya mate ndiyo anayoyataja katika maduka ya vinyozi, na yaliyosifika yalitoka Laminium, katika nchi ya Hispania.

Baadaye jiwe la manjano la Vielsalm, huko Ubelgiji, lilipata sifa kubwa kwa nyembe. Ndani yake mna chembe ndogo sana za madini magumu yaitwayo ganeti, nazo ndizo zinazokwangua chuma. Tabaka lake ni jembamba, hivyo mara nyingi hubandikwa juu ya jiwe jingine lisije likavunjika. Mwaka 1769, Mfaransa Jean-Jacques Perret, aliyekuwa fundi wa visu, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe, na akaeleza ndani yake namna ya kuyatambua mawe ya kunolea.

Jiwe nalo huliwa

Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Mgongo ndio unaoshika pembe. Kwa hiyo jiwe lisipokuwa bapa, wembe hauna njia ya kunyooka.

Na kila kinoo hutumika zaidi katikati. Chuma huliwa na jiwe, lakini jiwe nalo huliwa na chuma. Polepole kati panabonyea, kingo zinabaki juu. Fundi ananoa kwa bidii, kumbe anayapindisha makali.

Dawa yake ni kulisawazisha jiwe. Mafundi huchora mistari ya penseli juu ya uso wake, kisha hulisugua kwa maji juu ya kitu kilicho bapa. Mistari ya juu hufutika. Inayobaki inaonyesha palipobonyea. Wanaendelea mpaka yote ifutike.

Kwa nini mawe matatu?

Lakini hicho kitu kilicho bapa kilipatikanaje mwanzo? Ukisugua mawe mawili pamoja, moja linaweza kubonyea na jingine likavimba, yakalaliana vizuri kabisa. Yanakubaliana, na yote mawili yamepinda. Leta la tatu. Sugua la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa zamu. Hapo kasoro haina pa kujificha, kwa sababu uso unaoweza kulaliana na yote kwa zamu ni ule ulio bapa tu.

Mwaka 1840, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wataalamu mjini Glasgow jinsi ya kupata sahani za chuma zilizo bapa kwa kulinganisha tatu. Yeye alipendelea kukwangua kuliko kusugua, lakini kanuni ya tatu ni ile ile.

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alitengeneza kabandamu, unga mgumu unaokwangua hata mawe. Siku hizi wengi hutumia msasa wa maji juu ya kioo kinene, au bamba lenye chembe za almasi.

Mwisho wa zama

Mwaka 1903 kampuni ya King Camp Gillette iliuza nyembe 51 za usalama na vipande 168 vya kubadilisha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Marekani liliwapa askari wake nyembe hizo kwa mamilioni. Watu wakaacha kunoa. Kwa kinyozi wa leo hilo ni jema, kwani wembe mmoja kwa watu wengi unaweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Hata hivyo kinoo bado kiko majumbani, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kukinoa kisu kabla ya kuchinja, ili mnyama asiteseke. Basi wazazi, wiki hii mpeni kijana rula ailaze juu ya kinoo cha jikoni, atazame kama mwanga unapita chini yake. Mwanga ukipita katikati, jiwe limeliwa. Kisha mwelezeni habari ya mawe matatu: kwamba wawili kukubaliana hakutoshi kuwa dalili ya kunyooka, na kwamba kila chenye kuwanyoosha wengine, kiwe jiwe, mizani au mwalimu, nacho kinahitaji kupimwa.

Wabillahi tawfiq.