Spilita: Kifaa Kinachogawa, Jina Linalosema Nusu

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Musoma na Bunda, mteja haombi "kigawa mawimbi". Huomba spilita, naye muuzaji humtolea kidude cha chuma kinachoenea kiganjani: tundu moja upande huu, mawili au manne upande ule. Kazi yake ni kupokea waya mmoja unaoshuka kutoka kwenye dishi na kutoa njia za kwenda sebuleni na chumbani.

Kiswahili kina njia mbili zilizozoeleka za kubuni majina ya vifaa. Ya kwanza imetupa king'amuzi, kutoka kitenzi ng'amua, neno lililoenea Tanzania mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa Desemba 31, 2012. Ya pili imetupa kipaza sauti na kinasa sauti, ambapo kitenzi hufuatwa na kile kinachotendwa. Kigawa mawimbi kinafuata njia hii ya pili. Kigawo kisingefaa, kwa sababu hisabati imekwisha kulichukua neno hilo: mtoto wa shule ya msingi anajua KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Kipasuzi nacho kingeleta picha ya kitu kilichovunjika.

Kugawa ndiko hasa kunakotokea. Njia zikiwa mbili, kila moja hupata nusu ya nguvu, yaani upungufu wa desibeli 3 kwa hesabu, na zaidi kidogo kwa hali halisi. Zikiwa nne, upungufu hufika desibeli 6 na ushee. Waya ukiwa mfupi, hasara hiyo huvumilika, maana LNB, kipokezi kilicho mbele ya dishi, huwa imekwisha kuyakuza mawimbi mara nyingi. Waya ukiwa mrefu, au spilita zikifuatana, king'amuzi hukosa kiasi kinachohitaji. Hapo hakuna chenga kama za zamani. Picha hukatika vipandevipande, huganda, kisha hutoweka.

Butiama, jirani na Musoma, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, inakumbusha kwamba kutafsiri ni kuamua. Alipoileta kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ikatoka mwaka 1969. Neno moja lilibeba msimamo mzima. Kigawa mawimbi nacho kina msimamo wake: kinasema kweli kuhusu kinachoshuka, na kunyamaza kuhusu kinachopanda.

Kwani waya wa dishi una safari mbili. Mawimbi hushuka, umeme na amri hupanda. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB huchukua mawimbi ya wima. Kikipeleka volti 18, huchukua ya mlalo. Sasa weka ving'amuzi viwili kwenye LNB moja kwa spilita inayopitisha umeme pande zote. Wa sebuleni anataka chaneli ya mlalo, wa chumbani ya wima. LNB hutii volti kubwa, na chumbani kioo hubaki cheusi. Fundi asiyelijua hilo atapanda juu ya paa kugeuza dishi lisilo na kosa.

Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili, kila king'amuzi na waya wake. Anayetaka kuunganisha madishi mawili kwenye king'amuzi kimoja anahitaji swichi, kwa kuwa swichi huchagua na spilita hugawa.

Kwenye vibanda umiza vya kutazamia mpira, ambako king'amuzi kimoja hulisha runinga mbili kwa mechi ileile, jina linayumba tena. Spilita ya HDMI haigawi nguvu. Hunakili picha, na ndiyo maana huchomekwa kwenye umeme wake yenyewe. Hiyo ingestahili kuitwa kinakili picha, ingawa mafundi wanaziita zote spilita.

Kwa hiyo kigawa mawimbi kibaki kwa kifaa cha waya wa dishi na antena, na spilita ibaki mdomoni mwa mteja. Dukani, asome maandishi yaliyo juu ya chuma: iliyoandikwa mwisho megahezi 1000 ni ya antena ya kawaida. Mawimbi yanayotoka kwenye LNB huanzia megahezi 950 hadi 2150, hivyo spilita ya dishi iwe imeandikwa 2150 au zaidi.