Mcheza kriketi aliyeandika Kingwana

Kwetu Akheri ukitaja wamisionari wa kale, watu hukumbuka Ovir na Segebrock, vijana wawili wa Misheni ya Leipzig waliouawa hapa Oktoba 1896, wakiwa ndiyo kwanza wamefika. Kifo chao kilileta askari wa Kijerumani, na Wameru wakalipa kwa damu na mifugo. Charles Studd ni habari nyingine. Huyu alizeeka kazini, na waliomlipia ni watu wa nyumbani kwake.

Agosti 1882, Studd, mwanafunzi wa Cambridge mwenye miaka 21, aliichezea Uingereza kriketi uwanja wa Oval, London. Walihitaji mikimbio 85 tu kuwashinda Waaustralia. Wakaishia 77. Mwenzake alipotolewa, Studd alikuwa amesimama upande wa pili, gongo mkononi, hajarushiwa hata mpira mmoja! Kipigo hicho ndicho kilichozaa shindano la Ashes.

Mwaka 1885 akaacha umaarufu akaenda China, kisha urithi wake, takribani pauni 29,000, akaugawa. Hakuwa mchungaji wa kubarikiwa, ila alihubiri, akaandika vijitabu na hata mashairi. Mwaka 1913, ana miaka 52 na afya mbovu, akaingia kaskazini mashariki mwa Kongo.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna deni kwake: alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Unguja ilikwisha kuwa na tafsiri ya Askofu Steere, lakini Studd aliandika kwa lugha iliyosemwa njiani na sokoni kule bara. Mpaka leo wapo wanaoicheka lugha hiyo kana kwamba ni Kiswahili kilichovunjika. Yeye aliona inatosha kubeba Injili.

Sasa hesabu ya pili. Mkewe, Priscilla, alibaki Uingereza akiendesha ofisi ya misheni. Tangu 1916 Studd hakurudi tena. Walionana mara moja, majuma mawili ya 1928; mwaka uliofuata Priscilla akafariki. Kamati yake nayo ililalamikia ukali wake na matumizi yake ya mofini. Alifia Ibambi, Julai 1931.

Waandishi wengi wa maisha yake husifu sadaka ya pauni. Mimi naona pesa zilikuwa zake, alikuwa na haki ya kuzigawa. Miaka ile ya Priscilla ilikuwa ya watu wawili. Anayemsifu Studd aitaje na hiyo.